Mwanagenzi Nyumbani Kwake: Historia ya Kujijengea katika Nchi ya Bariadi

Utamaduni wa Wasukuma ukitajwa, wengi wetu hukumbuka kwanza ngoma. Mashindano ya Wagika na Wagalu yamesimuliwa na kuandikwa mara nyingi, na ni haki yake, maana ni fahari ya taifa zima. Lakini ngoma huchezwa msimu wa baada ya mavuno, nayo nyumba hukaliwa mwaka mzima. Ndani ya ukuta wa udongo imo elimu ambayo haijapata kusifiwa sana: elimu ya kuchagua kiwanja, kupima, kukandika, kuezeka na, zaidi ya yote, kutengeneza kilichoharibika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi elimu hiyo ilivyofunzwa na kubadilika katika nchi ya Bariadi, na kwa nini hatuna budi kuilinda. Katika muda usiozidi karne moja nyumba ya Bariadi imebadilika umbo na vifaa, na kila ilipobadilika mwenye nyumba alirudi kuwa mwanagenzi.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kutokana na wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Shinyanga, pamoja na Busega iliyotoka upande wa Mwanza. Zama za watemi hapa palikuwa na utemi wa Ntuzu, na hata leo wenyeji huitwa Wanyantuzu. Ni nchi ya vilima vya mawe makubwa na mabonde mapana. Wazee waliijua ardhi hiyo kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga ulio juu, karibu na mawe. Itogolo ni udongo mgumu wa mteremkoni, usiopitisha maji upesi. Ibushi ni udongo wenye chokaa. Na mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Majina hayo ni ya mkulima, lakini ni ya mjenzi pia. Udongo wa mbuga huvimba unyweapo maji na kupasuka ukaukapo, na nyumba iliyosimama juu yake hupasuka pamoja nao. Ndiyo maana kaya zilipandishwa juu, penye luseni, na bonde likaachiwa mazao na malisho. Somo la kwanza la mwanagenzi, basi, lilihusu mahali pa kujenga, kabla mkono wake haujagusa tope.

Nyumba yenyewe ilikuwa msonge. Kigingi kilichomekwa katikati, kamba ikafungwa, na mtu akazunguka akichora ardhini; duara likapatikana bila hesabu. Miti ilisimamishwa kulifuata duara hilo, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa, na paa la nyasi likainuliwa kwa mwinuko mkali ili maji yasikae. Kaya ilizungushiwa ua wa minyaa. Wanaume walikata miti na kuezeka. Wanawake walichota maji, wakakanda udongo, wakasiriba kuta na sakafu kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi, elika, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Kazi ilipomzidi mtu nguvu, wenzake waliitwa, wakafanya kazi kwa nyimbo, wakala chakula cha mwenyeji. Hapo ndipo palipokuwa shule. Kijana hakuketishwa akaelezwa namna ya kujenga. Alipewa kamba ashike. Leo alibeba nyasi, msimu uliofuata alifunga fito, na siku alipooa alikuwa amekwisha kushiriki katika nyumba nyingi za wenzake kabla ya kusimamisha yake. Binti naye alijifunza kwa kusimama karibu na mama yake, mikono yake ikiwa ndani ya tope lile lile.

Tusiipambe nyumba hiyo kupita kiasi. Mchwa waliila miti yake, nyasi zilishika moto, na moshi uliumiza macho. Katika nyufa za sakafu na kuta walijificha papasi, wadudu waletao homa inayokwenda na kurudi. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ilikuwa na maana mbili hapo: ufa uliudhoofisha ukuta, na tena uliukaribisha ugonjwa. Kwa hiyo kusiriba hakukuwa urembo tu. Mwanamke aliyeirudia sakafu yake kila ilipoanza kupasuka alifanya kazi ya mjenzi na ya bwana afya kwa pamoja, ingawa hakuna aliyemwita fundi.

Badiliko kubwa lililetwa na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilienea upesi katika Usukuma. Wakulima wakaanzisha vyama vya ushirika ili wasipunjwe kwenye mizani, miongoni mwa viongozi wao akiwa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe, ilinunua baiskeli, na ilinunua mabati.

Bati lilikuja na masharti yake. Nyasi hukubali umbo lolote. Bati ni kipande kirefu kilichonyooka, nalo hudai nyumba iliyonyooka. Hivyo paa ndilo lililoubadili ukuta, na duara likawa pembe nne. Hapo mtu aliyeujua msonge maisha yake yote alijikuta hajui kitu. Msonge hauna kona; nyumba mpya ina kona nne, na kona ndiyo mahali ukuta uanzapo kupasuka. Kigingi kimoja na kamba moja havikutosha tena. Ilibidi kujifunza kanuni ya mafundi: pima futi 3 upande mmoja wa kona, pima futi 4 upande wa pili, na kamba inayounganisha ncha hizo ikiwa futi 5 kamili, kona yako imekaa sawa. Ilibidi kujua timazi, ili ukuta usiegemee. Pima maji, ili mstari wa matofali usipande na kushuka. Na lenta juu ya mlango, ili uzito wa ukuta usiuvunje mhimili wake.

Sababu ya pili ya badiliko hilo ilikuwa miti. Kati ya miaka ya 1920 na 1940, misitu mikubwa katika nchi za Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikaendelea kuipunguza. Miti ya kujengea ikawa adimu, na tofali likawa jibu. Mtu alitengeneza kalibu ya mbao, akakanda udongo, akafyatua, akaanika. Wenye uzoefu walitafuta udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuusaga na kuushikamanisha. Adui wa miti akageuka kuwa msaidizi wa mjenzi! Lakini tofali bichi huogopa mvua, na ili liwe gumu lilichomwa katika tanuri. Tanuri nalo lilidai kuni. Nyumba iliyokusudiwa kuokoa miti ikaanza kuila kwa njia nyingine.

Baada ya Uhuru, kujifunza huko kulitoka katika kaya moja moja kukawa jambo la taifa. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, ukiwafundisha watu wazima kusoma kwa kutumia habari za kazi zao: pamba, mifugo, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Kisha waliondoka wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi karibu na nyumba zao. Yafaa tuitazame vizuri njia hiyo: sikiliza, jadili, tenda. Haikupishana sana na njia ya elika, ila sauti ya kwanza ilitoka redioni badala ya kutoka kinywani mwa mzee.

Mwaka 1974 ulileta mtihani mgumu zaidi. Katika operesheni ya kuhamia vijijini, familia nyingi za Mkoa wa Shinyanga zilitakiwa kuhama upesi na kujenga upya katika viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Wapo waliohama kwa hiari, na wapo waliohamishwa kwa nguvu. Wengine walipewa viwanja ambavyo mzee yeyote aijuaye mbuga angevikataa. Kijiji kilileta shule, zahanati na maji karibu, na hilo lisisahauliwe. Lakini nyumba zilizojengwa kwa haraka zilionyesha gharama ya kuiacha elimu ya ardhi nje ya mkutano unaogawa ardhi.

Miaka mitatu baadaye, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakosoa wananchi walioona kwamba nyumba bora ni ya saruji na bati peke yake, huku udongo wa kufanyia matofali na vigae umo miguuni mwao. Onyo hilo lilikuwa la haki, maana saruji na bati vilikuwa haba na vya gharama. Hata hivyo mkulima wa Bariadi alikuwa na sababu zake. Bati halishiki moto, halikaliwi na mchwa, na haliombi nyasi mpya kila baada ya miaka michache. Kosa halikuwa kulipenda bati. Kosa lilikuwa kuudharau udongo kwa sababu bati limefika.

Aidha, serikali haikuishia katika maneno. Mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kuunda idara ya utafiti wa majenzi, ambayo tangu 2001 kazi zake zimeendelezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Miongoni mwa yale yanayofundishwa na Wakala huo ni matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine ya mkono, na tofali hukauka bila tanuri. Kwa nchi iliyopungukiwa na kuni, maana yake ni kubwa. Kwa upande wa miti, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi ya kale ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yaote tena. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika hali ya ngitili, na pamoja na majani zikarudi fito, nguzo na nyasi za kuezekea. Desturi ya wazee ilifanya kazi ambayo amri za awali hazikuiweza.

Leo mjini Bariadi nyumba hujengwa na fundi wa kulipwa, na kijana anayetaka kujifunza huanza kuwa saidia fundi: huchota maji, huchanganya udongo na saruji, hupitisha matofali, huku jicho likifuata mwiko wa mkubwa wake. Vijijini, wananchi bado huchanga nguvu na mali kuinua maboma ya madarasa na zahanati hadi kwenye lenta, nayo serikali ikasaidia kuezeka. Mambo haya mawili ni watoto wa elika, ijapokuwa hayaitwi hivyo.

Lakini lipo jambo linalopungua, nalo ni mwenye nyumba kuijua nyumba yake. Mtu hununua saruji, hulipa fundi, huingia ndani; baada ya miaka mitatu msingi unaliwa na maji ya bati, naye hungoja fedha ya kumwita fundi tena. Msonge haukumpa mtu nafasi ya kungoja hivyo. Anayeanza aanze kwa kutengeneza. Wakati wa kiangazi, pamba ikiisha kuuzwa, auzunguke ukuta wake. Aziba nyufa zingali nyembamba. Achimbe mfereji wa kuyaongoza maji mbali na msingi. Abadili msumari uliolegea kabla upepo wa mvua za kwanza haujang'oa bati. Kazi hizo hazihitaji cheti, na humfundisha mtu zaidi ya maneno mengi.

Tunazo shule, vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanza mwaka 1975, na vyuo vya ufundi. Ingefaa vyuo hivyo viwaite wazee wa Ntuzu waeleze luseni na mbuga, na viwaite akina mama waeleze kusiriba, kama vile viwaitavyo mafundi wenye vyeti. Elimu hiyo ikiandikwa sasa itakuwa mali ya taifa. Tukiichelewesha, wajukuu wetu watakuwa wakaazi tu katika nyumba zao wenyewe, na ufa tulioushindwa kuuziba leo wao watautolea gharama ya ukuta mzima.