Kiatu cha Mti na Mguu wa Mlimani

Gare ni kata ya Lushoto iliyolala kwenye miteremko ya Usambara Magharibi, na miteremko hiyo ndiyo inayoamua kiatu gani kivaliwe. Masika yakikolea, udongo mwekundu wa njia za mashambani huteleza, na mwenye tenga la kabichi kichwani hategemei soli. Hutegemea vidole vya miguu. Vizazi kwa vizazi Washambaa walipanda na kushuka milima hii miguu peku, na mguu uliokua hivyo una umbo lake: kidole gumba kimejitenga, vingine vinne vimeachana, na mbele ya wayo ni pana kuliko kiatu chochote cha dukani.

Mwaka 1905 daktari mmoja wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha ulinganisho wa miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wale waliovizoea. Alichokiona ni kwamba mguu wa mvaaji hufuata umbo la kiatu, vidole vikabanwa kuelekea katikati, wakati mguu wa asiyevaa hubaki na upana wake wa utotoni. Bibi wa Gare asingehitaji kusoma hayo. Angekuonyesha tu mguu wake.

Siku hizi viatu vinavyouacha mguu huru vimekuwa fasheni huko Ulaya na Marekani, na miongoni mwake vimo viatu vya mti vya wazi, vipana mbele, vinavyovaliwa bila soksi. Pwani yetu ilikuwa na kiatu cha namna hiyo zamani za kale. Huku kwetu kinaitwa mtalawanda, kwa jina la mti ambao mafundi walipenda kukichonga, na mti huo huota pwani hadi kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki.

Mtalawanda hauna mkanda wala kisigino cha kushika. Ni ubao uliochongwa kufuata wayo, chini yake una miguu miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, na juu yake kimesimama kigingi kifupi chenye kichwa, msuruaki. Mvaaji huubana msuruaki kati ya kidole gumba na kidole cha pili, basi. Hakuna kingine kinachoushikilia mguu. Ndiyo maana kiatu hiki kinamkataa mtu aliyelelewa ndani ya buti: vidole vyake haviachani vya kutosha na havina nguvu ya kubana. Mguu wa peku, kinyume chake, huingia kama uliotengenezewa.

Kuenea kwake mguuni ni hesabu ya mahali pa msuruaki. Ukisogezwa nyuma mno, unachuna ngozi laini iliyo kati ya vidole, na ncha za vidole zinaning'inia nje ya ubao. Ukisogezwa mbele mno, kisigino ndicho kinachobaki hewani na mvaaji anatembea akiinamia mbele. Unene wa kigingi nao una kipimo: chembamba hukata, kinene huzitanua nyama hadi ziume. Tena mtalawanda haunyanyuliwi sana, huburutwa kidogo, na hapo ndipo inapotoka ile sauti ya ko-ko-ko ambayo kwayo nyumba za Unguja na Lamu zilikuwa zikimtambua anayepita ukumbini.

Umbo la msuruaki lina ndugu zake India, ambako kiatu cha kigingi kinaitwa paduka. Katika Ramayana, Bharata anaviweka viatu vya kaka yake Rama juu ya kiti cha enzi mpaka mwenyewe arudi kutoka uhamishoni. Waarabu nao walikuwa na kabkabu, kiatu kirefu cha mti cha hamamu, mara nyingi chenye ukanda wa ngozi badala ya kigingi. Shajarat ad-Durr, mwanamke aliyeitawala Misri, aliuawa mwaka 1257, na masimulizi yanasema vijakazi ndio waliompiga kwa viatu vya mti hadi akafa. Ni silaha nzito kweli, na wengi waliokulia pwani wanakumbuka kutishiwa nayo.

Biashara ya Bahari ya Hindi ilizikutanisha desturi hizo kwenye pwani ya Waswahili, na kiatu kikapata kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa maji: msikitini, kutoka birikani hadi kwenye mikeka, mtu aliyekwisha kutawadha aliupitisha mguu safi juu ya sakafu yenye majimaji, na nyumbani vilikaa karibu na choo na bafu. Ya pili ilikuwa pambo. Mabibi wa nyumba kubwa walivaa vilivyonakshiwa, vingine vikapachikwa fedha. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anavitaja viatu hivyo vya mti katika maisha ya jumba la kifalme.

Kazi ya tatu ilikuwa cheo. Unguja ya karne ya 19 mtumwa alitakiwa atembee peku na kichwa wazi. Kwa hiyo ubao ule ulioinuliwa kidogo kutoka ardhini ulimwinua mtu pia mbele ya macho ya watu, na sauti yake ilisema kabla mwenyewe hajaonekana kuwa anayekuja ni mwungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, waliokuwa watumwa walikimbilia kuvaa vilevile walivyokatazwa. Tanganyika bara iliusubiri mwaka 1922.

Mwaka huohuo wa 1897 ndio Gare inaingia kwenye habari za viatu kwa mlango mwingine. Wamonaki Watrapisti kutoka Mariannhill, nyumba iliyoanzishwa Natal mwaka 1882 na Franz Pfanner, walifungua misheni hapa, na Wajerumani wakaiita Neu-Köln. Watrapisti ni watu wa jembe na ukimya. Huko kwao Ulaya walijulikana kwa kulima wakiwa wamevaa kiatu cha mti cha aina ya pili kabisa: gogo zima lililochimbwa ndani, limefunikwa mbele, la kukinga tope na baridi. Kiatu hicho nacho hakipindi. Mkulima wa Ufaransa au Uholanzi alikijaza majani makavu au akavaa soksi nene, akaacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino, akatembea kwenye shamba tambarare.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Kiatu cha pwani kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu, kile cha Ulaya kwa ajili ya uwanda. Ukiteremka mlima, uzito wote husukumwa mbele: kwenye mtalawanda unakielemea kile kigingi cha mti kilicho kati ya vidole viwili, na kwenye gogo la Mfaransa vidole hugonga ukuta huku kisigino kikichomoka. Kiatu kisichopinda na kisichoshika kisigino hakina kazi kwenye njia ya Gare, hata kiwe kizuri namna gani. Mlimani peku ilishinda kwa sababu ilifaa kuliko vyote vilivyokuwapo. Umaskini ulikuwapo, lakini haukuwa sababu pekee.

Kilichoivuruga hesabu hiyo ni kiroboto. Tekenya, mdudu wa asili ya Amerika, alifika Angola mwaka 1872 ndani ya meli Thomas Mitchell iliyotoka Brazil, akasafiri na misafara ya wapagazi kukatisha bara zima, na karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika alikwishafika pwani yetu. Jike hujichimbia chini ya ngozi, hupenda kando ya kucha na kwenye kisigino, na akipuuzwa kidole huoza. Mguu wa peku, uliokuwa umeizoea miiba na mawe, haukuwa na kinga dhidi yake. Katika vita vya 1914 hadi 1918, askari wa Wajerumani walivaa buti wakati wale wa jeshi la Waingereza, King's African Rifles, walikwenda peku, na tekenya aliwalaza hospitalini watu wengi katika kampeni ile. Ukiongeza safura, ugonjwa wa minyoo inayoingia kupitia nyayo, unaelewa kwa nini waganga na walimu wa misheni walianza kuhubiri kiatu.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, kilomita 129, na kutoka hapo bidhaa zikapanda mlima. Viatu vya dukani vilipanda navyo, vikiwa vyembamba mbele, vya Jumapili na vya karani. Wengi walivibeba mkononi hadi karibu na kanisa. Kiatu cha kazi kilikuja baadaye kutoka kwenye gari bovu: katambuga, kilichokatwa kwenye tairi kuukuu, chenye kanda zinazokamata kisigino na mbele pakiwa wazi kabisa. Kwa mguu mpana hakina mpinzani, na mikato ya tairi huuma udongo.

Serikali nayo ilijaribu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuvuka sehemu ndogo sana ya uwezo huo, kuta zake za bati hazikufaa joto la Morogoro, na mwaka 1990 kilifungwa. Kabla hata ya kuhesabu hasara, inashangaza kwamba nchi ya watu wa miguu mipana iliwekeza fedha hizo zote kwa mguu wa mtu mwingine.

Leo kwenye magulio ya Lushoto kiatu cha mti kimerudi bila mti. Viatu vya povu vya Crocs vilianza kuuzwa Marekani mwaka 2002, na vile halisi vya mtumba pamoja na bandia zisizo na idadi viko kwenye kila turubai, karibu na ndala na gambuti. Umbo ni lile la gogo la Ulaya, pana mbele, lakini povu lake ni jepesi, linapinda, na maji yanatoka kwenye matundu. Kilichotatua tatizo la mlima ni kile kikanda cha nyuma kinachozunguka: juu kwa kutembea uani, nyuma ya kisigino kwa kuteremka.

Anayevinunua kwa ajili ya Gare asivipime akiwa amesimama turubaini. Avae bila soksi, arudishe kikanda nyuma, asimame kwenye mteremko akielekea bondeni. Vidole visiguse ukuta wa mbele, viweze kuachana, na wayo usielee kushoto na kulia. Bandia nyingi hushindwa hapo hapo, kwa sababu kitufe cha kikanda hulegea au soli ni laini kiasi kwamba mguu unapinduka pembeni. Hizo zinafaa bafuni, mahali palepale mtalawanda ulipokuwa umewekwa.