Gari la kwanza la kijana: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua Turkana

Na MWANDISHI WETU

FAMILIA nyingi za Lokichar, Kaunti ya Turkana, huweka mtaji wao katika mbuzi, kondoo na ngamia. Kijana anapotimiza umri wa kuendesha gari, swali la kwanza nyumbani huwa ni mifugo wangapi watakaouzwa ili anunuliwe gari, na iwapo thamani yao itarudi.

Tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mnamo Machi 2012, mji huo umezoea kuona magari ya kila aina. Barabara kuu ya A1 kutoka Lokichar hadi Lodwar nayo imewekwa lami upya kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Hayo mawili yamewafanya vijana wengi kutamani gari la kwao wenyewe.

Hata hivyo, gari lenye bei ya chini sokoni si lazima liwe nafuu. Kwa mkazi wa Lokichar, gari nafuu ni lile ambalo fundi wa karibu anaweza kulitengeneza, lenye vipuri vinavyopatikana Lodwar au Kitale, na linaloweza kumlinda dereva ambaye bado hajakomaa barabarani.

Sheria inasemaje

Sheria ya Trafiki nchini Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari. Kijana anapaswa kusomea udereva, kufaulu mtihani na kupata leseni inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA). Bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima, na gari lisilo nayo haliruhusiwi barabarani.

Mzazi afahamu pia kwamba bima ya gari la binafsi haikusudiwi kwa abiria wanaolipa nauli. Kijana anayebeba watu kati ya Lokichar na Lodwar ili apate fedha za petroli huiweka familia nzima katika hatari ya kulipa fidia kutoka mfukoni endapo ajali itatokea.

Gari la aina gani?

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika ambayo umri wake umepita miaka minane. Isitoshe, ushuru wa bidhaa huwa juu zaidi kwa gari ambalo injini yake inazidi cc 1500. Kwa sababu hizo, familia nyingi za kipato cha kadiri hununua gari ambalo tayari limetumika humu nchini.

Taasisi ya Bima ya Usalama wa Barabara Kuu ya Marekani (IIHS), ambayo huchapisha orodha ya magari yanayowafaa vijana, huwashauri wazazi kuepuka magari yenye injini za nguvu nyingi, kwa kuwa humshawishi kijana kwenda kasi. Taasisi hiyo pia husema kwamba magari madogo mno hayamkingi dereva vyema yanapogongana na makubwa.

Ushauri huo unafaa hata Turkana, ambako gari dogo hukutana na malori mazito kwenye barabara ya A1. Toyota Vitz hutumia petroli kidogo, lakini ni jepesi na liko chini, hivyo hupata taabu kwenye mchanga na mawe nje ya lami. Gari kubwa la kuvuta kwa magurudumu manne hupita popote, ila petroli, matairi na vipuri vyake vitamaliza akiba ya familia.

Njia ya kati ni gari la wastani lenye injini ya cc 1300 hadi 1500, mathalani Toyota Corolla au Toyota Probox. Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2002, ilitengenezwa kwa ajili ya kazi, na mafundi wengi nchini wanaifahamu. Tatizo ni kwamba nyingi zimechoka kwa kubeba abiria na mizigo kupita kiasi. Mnunuzi achunguze springi, shokomzoba na sakafu kabla ya kuvutiwa na rangi mpya.

Lolote litakalochaguliwa liwe na mikanda ya usalama inayofanya kazi katika viti vyote, breki zenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, na mifuko ya hewa. Mamilioni ya magari duniani, mengi yakiwa ya Japani, yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya mifuko mibovu ya kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka wa 2017. Nambari ya chesisi humwezesha mnunuzi kuuliza kwa mtengenezaji iwapo gari lake ni mojawapo.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Mnunuzi amtafute fundi asiyekuwa na uhusiano na muuzaji wala dalali. Katika joto la Turkana, ambalo mchana hufikia nyuzi 35 na zaidi, rejeta ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Gari liendeshwe kwa muda mrefu, si kuzungushwa mara moja sokoni, na mshale wa joto utazamwe hadi mwisho.

Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi kuukuu linaweza kupasuka kwenye joto hata kama bado lina meno. Kwa kuwa miiba ya etirae imejaa kando ya njia, gari lisinunuliwe bila tairi la akiba, jeki na spana zake.

Baada ya fundi, zije hati. Rekodi za gari zitafutwe kupitia huduma za NTSA mtandaoni, na jina la mwenye gari lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji. Gari lililonunuliwa kwa mkopo kwa kawaida huandikishwa kwa jina la mnunuzi pamoja na la benki, hivyo muuzaji hawezi kuliuza peke yake. Sheria inataka umiliki uhamishwe katika muda wa siku 14.

Bajeti na masharti

Ni busara kutumia robo tatu tu ya fedha zilizopo kununua gari, na kuiacha robo moja kwa ajili ya bima, matairi na matengenezo ya mwanzo. Ingawa mafuta yaligunduliwa Lokichar, petroli ya kituoni bado hupitia Mombasa. Bei inayotangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) huwa juu zaidi Lodwar kuliko Nairobi kutokana na gharama za usafirishaji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeripoti kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hivyo, mzazi akabidhi funguo pamoja na masharti. Kwa miezi sita ya kwanza, kijana asiendeshe usiku, wakati ngamia na mbuzi hawaonekani vizuri barabarani, wala asijaze marafiki garini.

Sharti jingine lisilo na mjadala ni kuhusu mikondo ya mito ya msimu. Mvua ikinyesha milimani, maji yanaweza kufika penye mchanga mkavu bila wingu kuonekana. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulisomba gari dogo. Dereva asubiri yapungue, hata ikimlazimu kulala njiani.

Kwa sababu hiyo, maji ya kunywa na simu yenye chaji viwe sehemu ya vifaa vya gari, sawa na jeki.