Nani Huilaza Kompyuta? Historia ya Kubana Betri

Kila mwenye kipakatalishi amewahi kuona skrini ikififia yenyewe huku bado anasoma. Kuna mtu aliyeamua kwamba ififie, na aliamua pia baada ya dakika ngapi. Tulipoanza kufuatilia historia ya mipangilio hii, tuliona swali moja likirudi kila mara: uamuzi huo ni wa nani? Wa chuma, wa programu, au wa mwenye mali?

Tuanze mwaka 1983 na TRS-80 Model 100 iliyouzwa Marekani. Ilikuwa na kibodi kamili, skrini ya mistari minane tu isiyo na taa, na betri nne ndogo kama zile za redio. Betri hizo ziliweza kuiendesha kwa saa 20 hivi. Ikikaa dakika kumi bila kuguswa ilijizima, na kazi yako haikupotea. Asiyeupenda muda huo aliandika amri ya POWER na namba aliyoitaka. Kwa maoni yetu hakuna mpangilio uliowahi kuwa wazi kuliko huo: mstari mmoja, na mwenye mashine ndiye anayeuandika.

Kisha tamaa ikaingia. Watu walitaka diski, skrini yenye taa, halafu rangi. Macintosh Portable ya 1989 ilibeba betri ya risasi na asidi, jamaa ya ile ya gari, na mashine nzima ilikuwa na uzito wa kilo 7 hivi. Kuipakata hiyo ni kama kupakata mtoto wa miezi sita.

Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu uitwao APM. Hapo uamuzi mwingi uliangukia BIOS, ile programu ndogo inayoamka kabla ya nyingine zote. BIOS ilihesabu dakika: kibodi haijaguswa, diski imetulia, basi lala. Haikuwa na njia ya kujua kwamba umetulia kwa sababu unasoma ukurasa mgumu. Mwaka huohuo idara ya mazingira ya serikali ya Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, na Aprili 1993 Rais Clinton akaagiza ofisi za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Jambo la betri likahamia hata kwenye kompyuta za mezani zisizo na betri.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walileta ACPI. Mamlaka yakahamia kwenye mfumo endeshi, ambao angalau unajua ni programu zipi ziko kazini. ACPI ndiyo iliyopanga usingizi kwa ngazi, na hapo klabu yetu ilibishana sana juu ya maneno. Ngazi ya tatu, ambapo kumbukumbu huendelea kunyonya umeme kidogo, tuliiita kusinzia. Ngazi ya nne huandika kila kitu diskini kisha hukata umeme. Kiingereza kimeipa jina la usingizi wa wanyama wanaolala majira yote ya baridi, na nani kwetu amewaona hao? Mwenzetu ambaye kwao ni Kisumu akasema: kamongo! Samaki huyo hujizika matopeni maji yakikauka, akangoja mvua. Neno likapita bila kura.

Mnamo 2000 ikaja zamu ya prosesa, kwa Transmeta na kwa SpeedStep ya Intel. Kupunguza mwendo peke yake hakuna faida kubwa, kwa kuwa kazi huchukua muda mrefu zaidi. Siri ni kushusha volti pamoja nao, maana umeme unaoliwa hufuata mraba wa volti: volti ikishuka asilimia 10, matumizi hushuka karibu asilimia 19 hata kabla ya kuhesabu mwendo.

Windows Vista ya 2007 ilimpa mtumiaji mipango mitatu ya kuchagua. Lakini tangu Windows 8 ya 2012 umeingia usingizi wa aina ya simu: skrini giza, mtandao macho. Vipakatalishi vingi vya leo havina tena ile ngazi ya tatu, na ndiyo maana kimoja kinaweza kutolewa mkobani kikiwa cha moto. Uamuzi ulihama tena, na safari hii mwenye mali hakuulizwa.

Kwetu jambo hili ni zito. Vipakatalishi tunavyovimaliza huku Uingereza hupanda begi kwenda kwa binamu zetu Mombasa, Mwanza na Bukavu, ambako umeme hununuliwa kwa tokeni au hungojwa urudi. Mashine inayoamka usiku kutafuta mtandao itawafaa nini? Kabla ya kufunga begi tunashusha mwanga wa skrini, ambayo mara nyingi ndiyo mlaji mkubwa kazi zikiwa nyepesi. Tunapanga kifuniko kikifungwa mashine iingie kamongo. Pale inapowezekana, tunaizuia betri isijae kupita asilimia 80, maana betri ya lithiamu huchakaa upesi ikikaa imejaa.

Hili la mwisho lilizua ubishi. Shangazi mmoja wa Bukavu alitutumia ujumbe kwamba kwake umeme ukija huja kwa saa chache, na akiupata anataka betri ijae pomoni. Habari za kuchakaa ataziona huko mbele. Jioni hiyo tukamwelekeza binti yake kwa simu pa kukiondoa kizuizi.