Fumbo Lenye Funguo Mbili

Msafiri atokaye Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, akashika njia ya mashariki, hufika Kongwa, nchi kavu ambayo Waingereza walianza kulima karanga mwaka 1947 wakashindwa. Mahali hapo ndipo serikali ya Mwalimu Nyerere ilipovipa vyama vya ukombozi kambi mwaka 1964. Walikaa hapo watu wa ANC, wa FRELIMO, wa SWAPO na wengineo. Mafunzo yao ya vita si shabaha yetu. Nataka kutazama shida moja tu, nayo ni shida ya habari.

Tarehe 11 Julai 1963 polisi wa Afrika Kusini walivamia shamba la Liliesleaf, wakakamata viongozi pamoja na makaratasi yao, na makaratasi hayo yakawa ushahidi katika kesi ya Rivonia. Tangu hapo waliokuwa nje walitengwa na nyumbani. Zilibaki barua za wino usioonekana, na maandishi ya tarakimu yaliyofunguliwa kwa kurasa za kitabu fulani. Kazi hiyo ya mkono ilikula saa nyingi, na jibu likachukua majuma.

Tena barua ya tarakimu hujitangaza. Waswahili twalijua jambo hili, kwani tunazo njia mbili za kuficha maneno. Mtoto asemaye kinyume huita nyumba “mbanyu”. Apitaye njiani haelewi, lakini ajua mara moja kwamba anafichwa. Fumbo ni jambo jingine. Msikilizaji hupata maana iliyo kamili, akaridhika, akaenda zake. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hata 1972, aliandika gerezani kwenye karatasi za chooni shairi liitwalo “Mamba”. Asomaye aweza kumwona mnyama wa mtoni tu, na wengi humwona mtawala. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta mwenyewe!

Sasa tuitazame Operesheni Vula, iliyoanza mwaka 1988, Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda walipoingia Afrika Kusini kwa siri. Baadaye aliingia pia Ronnie Kasrils, aliyepata kukaa Kongwa. Mtambo wao wa habari ulitengenezwa London na Tim Jenkin, yule aliyetoroka gereza la Pretoria mwaka 1979 kwa funguo za mbao. Ujumbe uliandikwa katika kompyuta ndogo, ukafungwa kwa ufunguo wa disketi uliotumika mara moja tu, ukageuzwa kuwa mlio, ukanaswa katika kinasa sauti. Mtu alikwenda kwenye simu ya umma, akaupigisha mlio huo kwa muda mfupi katika mashine iliyopokea simu London, kisha ukapelekwa Lusaka kwa Oliver Tambo.

Kwa maoni yangu mlio huo ulikuwa kinyume, si fumbo. Uliokolewa na ufupi wake na wingi wa simu za watu wengine. Fumbo hasa lilikuwa katika vitabu vilivyoingia na kutoka gereza la Victor Verster, ambavyo majalada yake yalificha maneno ya Mandela. Mlinzi aliona kitabu, na kweli kilikuwa kitabu.

Mwaka 2022 wataalamu Persiano, Phan na Yung walionyesha kwa hesabu namna ya kuunganisha njia hizi mbili. Walimfikiria mtawala anayewalazimisha watu kumkabidhi funguo zao zote. Ufunguo anaopewa hufungua barua ya kawaida kabisa; ndani ya maandishi yale yale mna ujumbe wa pili, na ufunguo wake mtawala hajui hata kwamba upo. Hilo ndilo fumbo letu, ila limevaa tarakimu.

Lakini Vula haikuangushwa na hodari wa hesabu. Mwezi wa Julai 1990 polisi waliwakamata Charles Ndaba na Mbuso Shabalala mjini Durban, kisha wakapata nyumba za siri na disketi, na baadhi ya maandishi yaliyokuwamo yalikuwa hayakufungwa. Hapana aliyehitaji kulivunja fumbo. Ndaba na Shabalala waliuawa na polisi. Wala hawakurudi makwao.