Walio Katika Mapambano: Utumishi wa Wanawake na Lugha ya UKIMWI Dar es Salaam

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jengo la Sewahaji limehifadhi jina la Sewa Haji, mfanyabiashara ambaye fedha zake ziliwezesha hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897. Huyo ndiye mfadhili kwa maana iliyozoeleka: mwenye mali atoaye. Historia ya UKIMWI katika jiji hilohilo inadai maana iliyo pana zaidi.

Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya neno UKIMWI kuenea, huko Bukoba ugonjwa uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichouzwa kwa magendo mpakani. Baadaye, mitaani, aliyeambukizwa alisemwa kuwa "amekanyaga miwaya". Lugha ilificha, na papo hapo ikahukumu.

Mwaka 1989 Theresa Kaijage, mtaalamu wa ustawi wa jamii, aliasisi WAMATA jijini Dar es Salaam, yaani Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Jina hilo lastahili kuchambuliwa. Halitaji wagonjwa wala wauguzi. Umbo rejeshi "walio" lawajumuisha mgonjwa, mama yake, yatima na jirani. Aidha, neno "mapambano" liliwarudishia utendaji watu ambao neno "waathirika" liliwafanya watendwa.

Huko Temeke, PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ilianza mwaka 1992, chimbuko lake likiwa kikundi cha watu waliokuwa wakiishi na virusi. Kabla serikali haijaanza kutoa bila malipo dawa za kupunguza makali mwaka 2004, tiba ya wengi ilikuwa mikono ya watu: kumwogesha mgonjwa, kufua mashuka, kupika uji, kumsindikiza kliniki. Temeke na Kinondoni, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na wanawake, mara nyingi bila ujira.

Hapa ndipo lugha inapodaiwa haki. Fedha za tajiri zikiitwa ufadhili, na usiku wa mama kando ya kitanda cha jirani ukaitwa wajibu wa kike, gharama ya huduma hiyo hufutika katika kumbukumbu. Wanawake hao walitoa muda, nguvu na akiba ndogo waliyokuwa nayo. Hivyo basi, kuwaenzi kuanze kwa kuwapa jina linalowastahili: wafadhili.