Mawimbi kwenye Feleji

Mwaka 1973, kwenye maonyesho ya watengeneza visu nchini Marekani, mhunzi wa Maryland aitwaye Bill Moran alipanga mezani visu vyenye bapa la mawimbi. Wenzake walikusanyika kutazama. Kilichowashangaza zaidi ni kijitabu alichokuwa akigawa bure, kinachoeleza namna ya kuvifua. Mafundi wengi siri kama hiyo wangekufa nayo.

Feleji yenye mawimbi kama hayo, iitwayo feleji ya Dameski, ilivuma kwa karne nyingi, lakini chuma chenyewe kilitoka mbali na mji huo wa Syria. Kiliyeyushwa ndani ya vyungu vidogo huko India na Sri Lanka, na mawimbi yake yalijitokeza yenyewe kilipopoa na kufuliwa. Hata pwani yetu imo katika habari hii: Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba chuma cha Sofala, katika Msumbiji ya leo, kilipelekwa India kufuliwa panga. Kufikia karne ya 19 kazi ile ya vyungu ilikuwa inakufa.

Moran alishika njia nyingine, nayo ni ya kale vilevile. Wahunzi wa Ulaya waliijua, na mitutu ya bunduki ya Liège, Ubelgiji, iliendelea kufuliwa hivyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Vibapa vya feleji za aina mbili hupandanishwa, hutiwa moto mpaka viwe vyeupe-manjano, hunyunyiziwa boraksi ili magamba yatoke, kisha hugongwa juu ya fuawe mpaka vishikane. Pande hilo hukunjwa na kugongwa tena. Ukianza na tabaka 7 ukakunja mara 6, umepata 448. Kisu kikishang'arishwa huchovywa kwenye asidi: feleji ya kawaida huwa nyeusi, yenye nikeli hubaki nyeupe, na mawimbi yanaonekana.

Kwenye kisu kama hicho, mimi hunivutia zaidi noleo na kikingio cha mkono, vikitiwa buluu bila rangi ya kopo. Chuma kilichopigwa msasa mpaka king'ae hupashwa moto taratibu. Kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi huwa manjano, kisha kahawia, kisha zambarau. Karibu na 300 buluu inafika. Fundi akichelewa kidogo, inapauka kuwa kijivu. Akikigusa kwa kidole chenye jasho kabla ya moto, alama ya kidole inabaki hapo, na kazi inaanza upya kwenye msasa.

Mwaka 1976 Moran na wenzake waliunda chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society. Anayetaka cheo cha fundi mkuu hufua kisu chenye tabaka 300 au zaidi, akate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, akate mbao, anyoe nywele kwa makali yaleyale, kisha akibane kisu kwenye jiliwa na kukikunja nyuzi 90 bila kuvunjika. Lakini baadhi ya visu vinavyouzwa rahisi kwa jina la Dameski, mawimbi yake yamechorwa juujuu kwa asidi. Ukivipiga msasa, yanafutika.