Mwenye Bahari Hulipwa Nini?

Fort Jesus, pale Mji wa Kale, ilichorwa na Mtaliano. Wareno ndio walioanza kuijenga mwaka 1593, lakini ramani ni ya Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano. Na Wareno hawakufuata upepo mwanana wa Mombasa. Walitaka mahali pa kulinda njia ya meli zao na kutoza ushuru. Mtawala wa Malindi, mshirika wao, alihamishiwa Mombasa akaahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Ngome yao, theluthi yake.

Naanza na forodha kwa sababu hesabu hiyo ilirudi tena Pwani, safari hii ikiwa na roketi.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kurusha setilaiti kutoka karibu na ikweta. Kila mmoja alileta chake: NASA roketi za Scout na mafunzo, Italia setilaiti na majukwaa ya baharini, chini ya Profesa Luigi Broglio. Majukwaa yakawekwa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Wakati makubaliano yanatiwa saini, Kenya haikuwa na bendera yake. Kisheria ukanda huo wa Pwani ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiulipia kodi kila mwaka.

Kwa nini Ngomeni? Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa hapo kuelekea mashariki hupata mwendo wa bure, kama jahazi lililobebwa na kusi. Mwendo wa bure ni mafuta uliyookoa, na mafuta ni pesa, au ni mzigo zaidi unaoweza kubeba. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu; roketi ikianguka, haimwangukii mtu. Bwana, hiyo ni mali. Haionekani kama dhahabu, lakini ni mali.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kupima miale ya eksirei kutoka angani, na ilisaidia kufichua ushahidi wa mashimo meusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa jina na mahali.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa ziliruka kutoka pale, kisha kimya. Antena za nchi kavu ziliendelea na kazi, zikifuatilia hata roketi za Ulaya na vyombo vya China.

Sasa tazama kinaya hiki. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti iliyoundwa na wahandisi wetu pamoja na kampuni ya Bulgaria. Ilirukia wapi? California, kwa roketi ya SpaceX. Nchi yenye bahari ya ikweta ilikata tiketi ng'ambo, kwa sababu mahali bila chombo hapakupeleki popote.

Kuna watu husema basi tuwafukuze wageni. Sikubaliani nao. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya mwaka 2018, ilitoka Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na Sapienza cha Roma, na ikaachiliwa angani kupitia chumba cha Japani kwenye kituo cha kimataifa. Bila ushirikiano hatungekuwa nayo. Na mkataba mpya na Italia, wa 2016, unataja mafunzo, data za kuangalia dunia, hata matibabu ya masafa. Hiyo ni lugha tofauti na ya kodi ya kiwanja.

Kodi huliwa ikaisha. Mhandisi aliyefunzwa hufunza wengine. Data ya mvua na bahari humfaa mvuvi wa Ngomeni leo na kesho. Kwa hivyo siku serikali itakapotangaza tena mpango wa kurusha roketi Pwani, swali la kwanza lisiwe watatulipa ngapi. Tuulize vijana wangapi wa Kilifi, Lamu na Mombasa watakaa kwenye chumba cha kuongozea roketi, na data itahifadhiwa kwa nani. Mtawala wa Malindi alihesabiwa theluthi, lakini ufunguo wa ngome ulibaki kwa Mreno.